Imam Ghazali na Saada ya Kila Siku

Katika maneno tuyatumiayo kila siku bila ya kuyapima limo neno hili la furaha. Mtu akiozesha binti yake ana furaha. Akipata faida dukani ana furaha. Ukikutana naye siku ya tatu ukamwuliza hali, huanza kukuhesabia mashaka yake, kodi ya nyumba, deni la tajiri, kijana asiyesikia, hata ukadhani ile furaha ya juzi haikuwa yake, aliiazima tu kama mtu aazimavyo joho la harusi. Wengi wetu twaichukulia furaha kama upepo wa kusi na kaskazi: huja kwa wakati wake, hukoma kwa wakati wake, nasi hatuna la kufanya ila kungoja. Wanavyuoni wana neno jingine, nalo ni saada, yaani ile heri ya moyo isiyoondoka pamoja na sababu iliyoileta. Na mmoja katika walioieleza saada hii kwa urefu, baada ya kuikosa yeye mwenyewe kwa namna ya kutisha, ni Hujjatul-Islam Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake si geni katika miji yetu ya pwani. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, na asomaye Minhaj ya Imam Nawawi asoma muhtasari wa kitabu cha Imam Rafii, na Rafii huyo ndiye aliyeisherehesha Al-Wajiz ya Ghazali. Wengi pia wameisikia Ihya ikitajwa misikitini. Lakini wengi wamtajao humdhani kuwa alizaliwa na tasbihi mkononi, wala hawajui kwamba mwalimu huyu wa nyoyo alifika miaka thelathini na minane ya umri wake akiwa na kila kitu ambacho watu hukiita furaha, kisha siku moja akashindwa kumeza tonge.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan ya Uajemi, mwaka 450 H. (1058). Kama alivyosimulia Subki katika Tabaqat, baba yake alikuwa msokota sufu, akila kwa kazi ya mkono wake. Na alipopata nafasi hukaa mbele za wanavyuoni na kuwahudumia. Yeye mwenyewe hakusoma, na jambo hilo lilimuuma. Alipokaribia kufa aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja, mtu wa tasawwuf na fakiri mfano wake, na akamwachia kile kidogo alichokuwa nacho ili kiwasomeshe. Kidogo hicho kikaisha. Yule rafiki akawaeleza watoto waziwazi kwamba hana cha kuwapa, na kwamba afadhali waingie madrasa ambako mwanafunzi hupewa chakula. Wakaingia kwa ajili ya mkate. Imam hakuona haya kulisema hilo baadaye: kwamba waliianza elimu si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine ila Yeye. Wazee wanaompeleka mtoto chuoni huku wakihofu kuwa nia yake haijatengenea, na waipumzishe hofu hiyo.

Kuna kisa kingine cha ujana wake. Alikuwa akirudi kutoka Jurjan, alikokwenda kusoma, msafara wao ukavamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu pamoja na mfuko uliokuwa na daftari zake. Akawafuata nyuma na kumsihi mkubwa wao amrudishie zile karatasi peke yake, maana ndimo ilimokuwa elimu yake. Yule mnyang'anyi akacheka, akashangaa ni elimu gani hiyo ambayo mtu akinyang'anywa mfuko hubaki bila nayo, kisha akamrudishia. Ghazali akafika kwao Tus, akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika. Alikuwa amefahamu kwamba kiwezacho kuchukuliwa njiani bado si chako. Ilimchukua miaka mingine kama kumi na tano kuutumia ufahamu huo katika jambo lililo kubwa kuliko daftari.

Kutoka hapo alipanda kwa haraka. Alisoma Nishapur kwa Imamul-Haramain Al-Juwaini mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 H. (1085), kisha akaenda katika kambi ya Nizamul-Mulk, waziri wa masultani wa Kisaljuki, ambako wanavyuoni walikuwa wakishindana kwa hoja, akawashinda. Mwaka 484 H. (1091) waziri huyo alimpa kiti cha madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad. Hakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano. Wanafunzi mia tatu walikuwa wakimsikiliza, na Khalifa akamtaka amwandikie kitabu cha kuwajibu Mabatini. Mtu mmoja wa Baghdad aliyemwona akiingia mjini alisimulia kuwa nguo zake na mnyama wake wa kupanda vilikadiriwa kuwa thamani yake ni dinari 500.

Wakati huohuo alikuwa akiona kwa macho yake jinsi vyeo viendavyo. Mwaka 485 H. (1092) Nizamul-Mulk aliuawa kwa kisu, na haikupita ila muda wa wiki chache Sultani Malikshah naye akafa. Mlima aliokuwa ameuegemea ukaporomoka, naye angali kitini, na sifa zake zazidi.

Mwezi wa Rajab mwaka 488 H. (1095) ndipo lilipomfika. Mwenyewe ameeleza katika Al-Munqidh kwamba aliitazama hali yake, akaona amezungukwa na vifungo pande zote. Aliitazama kazi yake iliyo bora, yaani kusomesha, akaona hata hiyo haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kilichokuwa kikimsukuma ni kutaka jaha na kuenea kwa jina. Akawa asubuhi hukata shauri la kuondoka Baghdad na jioni hulifungua; mguu mmoja hutangulia na wa pili humrudisha. Muda wa miezi sita alikuwa hivyo. Kisha ulimi ukafungwa. Akitaka kusomesha walau siku moja tu kuwaridhisha wanafunzi wake, neno halitoki. Huzuni ikaingia moyoni, chakula kikakataa kushuka, maji hayapiti. Matabibu wakamtazama, wakasema kwamba maradhi haya yameanza moyoni na ndimo yalimotoka yakaingia mwilini, basi dawa haifai kitu mpaka moyo upumzike.

Wako waandishi wa siku hizi waliosema kuwa alikuwa akiwaogopa Mabatini waliomwua waziri wake, na wako waliosema ni maradhi ya mishipa ya fahamu. Huenda hofu ilikuwamo, maana alikuwa binadamu. Lakini sisi hatuoni sababu ya kumnyima mtu haki ya kusadikiwa katika jambo linalomwaibisha. Mtu huongopa ili ajitukuze. Huyu ameandika kwamba darsa zake za mbele ya watu mia tatu zilikuwa biashara ya sifa.

Mwezi wa Dhulqaada mwaka huohuo aliondoka. Alitangaza kuwa yuaenda Makka, na moyoni alikusudia Sham, kwa kuogopa Khalifa na marafiki wasimzuie. Mali yake akaigawa, asibakishe ila kiasi cha riziki yake na cha watoto wake. Nduguye Ahmad akasimama mahali pake katika kusomesha. Damascus alikaa karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango mchana kutwa. Akaenda Baitul-Muqaddas, akawa akijifungia katika Qubba ya Mwamba. Akamzuru Nabii Ibrahim katika mji wa Khalil, na hapo akaweka ahadi ya mambo matatu: asichukue mali ya sultani, asiende kumwamkia sultani, wala asiingie tena katika mabishano ya kushindana mbele za watu. Kisha akahiji na kuzuru Madina. Alipopita tena Baghdad mwaka 490 H. (1097), nguo zake zilikadiriwa kuwa za qirati kumi na tano.

Hapa ndipo watu wengi wanapokifunga kitabu. Husema: basi, alikimbia dunia akapata saada, nasi tuna maduka na watoto, hatuna minara ya kujifungia. Lakini mwenyewe hakusema hivyo. Ameandika kwa uwazi kwamba aliporudi kwao Tus, akiwa amevutwa na wito wa watoto, haja za ahali na dharura za maisha zilimvuruga moyo, na ile hali safi aliyoitafuta haikuwa ikimjia ila kwa nyakati zilizotawanyika. Vizuizi vikimsukuma, naye akirudi tena. Alikaa katika kusukumwa huku na kurudi huko kiasi cha miaka kumi. Tunawaomba wasomaji walitafakari neno hili la kurudi. Hakusema kuwa siku moja aliipata saada akakaa nayo. Amesema alikuwa akiirudia. Mnara ulikuwa wa miaka miwili, na kurudi kulikuwa kwa kila siku, katika nyumba iliyo na watoto wenye kutaka chakula.

Katika miaka hiyo ndimo alimotunga Ihyau Ulumid-Din, yenye vitabu arobaini, na baada yake akatunga kwa lugha ya kwao, Kiajemi, kitabu alichokiita Kimiya ya Saada, ili wapate kukifahamu watu wa kawaida wasiojua Kiarabu. (Kama yuko bado kati yetu aonaye kuwa dini ikiandikwa kwa Kiswahili hupungukiwa na heshima, na amwulize Imam.) Kimiya, kama ijulikanavyo, ni ile elimu iliyodaiwa kugeuza shaba kuwa dhahabu, naye alitaka kuonyesha vipi moyo wa shaba hugeuka.

Kwanza ameeleza kwamba kila kiungo kina ladha yake katika kile kilichoumbiwa: jicho katika sura nzuri, sikio katika sauti nzuri, na moyo ladha yake ni kumjua Muumba wake. Mtu aliyefundishwa sataranji, asema, hawezi kujizuia kuionyesha ajuapo, kwa utamu wa kujua kitu. Sembuse kumjua Mfalme wa wafalme! Asiyeonja ladha hiyo ni mfano wa mgonjwa anayependa udongo kuliko chakula. Basi hapo huuliza mtu: na mimi nisiyeionja nifanyeje?

Jawabu lake, aliloliweka katika kitabu cha kuizoeza nafsi, ndilo kiini cha yote kwa maoni yetu. Asema tabia ya mtu hubadilika, na njia yake ni kuitenda kwa kujilazimisha kabla ya kuipenda. Atakaye kuwa na hati nzuri huiga kwa taabu hati ya fundi siku baada ya siku, mpaka mkono uandike wenyewe. Vivyo hivyo atakaye kuwa karimu hutoa huku roho yamuuma, hata siku ije ambayo kutoa ndiko kumpako raha. Kisha atoa mfano wa mchezesha njiwa, ambaye husimama mchana kutwa juani wala hasikii maumivu ya miguu, kwa jinsi anavyofurahia ndege wake. Na mcheza kamari, aliyefilisika, nyumba imebomoka, naye bado aona utamu katika kilekile kilichomfilisi. Ikiwa mazowea huweza kuitia nafsi ladha katika upuuzi, hata katika maangamizi, kwa nini yasiweze kuitia ladha katika haki, ambayo ndiyo maumbile yake? Twaona hoja hii haijapatiwa jibu. Furaha ya mtu, kwa kiasi kikubwa, ni kile alichojizoeza nacho. Na anayelalamika kila asubuhi, naye pia yumo katika mazoezi.

Mazoezi yenyewe ameyapanga katika kitabu cha muraqaba na muhasaba, kwa lugha ambayo mfanyabiashara yeyote wa miji yetu ataifahamu. Akili ni tajiri, nafsi ni mshirika wake aliyepewa mali akafanye biashara, na rasilmali ni umri. Basi baada ya sala ya alfajiri mtu na akae kidogo, kabla hajafungua duka, aiwekee nafsi yake sharti kama tajiri amwekeavyo mshirika: aikumbushe kwamba siku hii ni mpya, kwamba laiti angekufa jana angetamani arudishwe siku moja tu, na haya basi amerudishwa. Ameeleza kuwa mchana na usiku ni saa ishirini na nne, na kila saa ni kasha litakalofunguliwa Akhera: moja limejaa nuru ya mema aliyoyatenda, moja lina giza na uvundo, na moja ni tupu, saa aliyolala au kughafilika, na majuto ya lile tupu ni kama ya mfanyabiashara aliyeacha faida kubwa impite na alikuwa aiweza. Mchana ni wakati wa kumwangalia mshirika. Jioni huja hesabu, nini kimepatikana na nini kimepotea, senti kwa senti, kama mtu ahesabuvyo na yule asiyemwamini. Ikiwa kuna hasara, nafsi hulipizwa. Kisha kesho alfajiri sharti huanza upya.

Na katika hesabu hiyo, neema nazo zina upande wao. Kitabu cha shukrani kimerefusha maneno juu ya mkate mmoja: mbegu, ardhi, mvua, chuma cha jembe, mfua chuma, msagaji, mchukuzi wa baharini aliyehatarisha roho yake kwa kutamani faida. Hata sindano ya kushonea, asema, haitimii mpaka imepita katika mkono wa mtengenezaji mara ishirini na tano. Pia amekisimulia kisa cha mtu aliyelalamikia ufukara wake, akaulizwa kama angekubali kuwa kipofu kwa dirhamu elfu kumi, akakataa. Na kuwa bubu, na kukatwa mikono na miguu, na kuwa mwendawazimu, kila kimoja kwa malipo yake, akakataa vyote. Akahesabiwa kuwa amebeba mali ya maelfu mengi na huku yuanung'unika. Imam aliyeandika haya alikuwa amepata kunyimwa ulimi na tonge akiwa na nguo za dinari 500. Aliijua thamani ya kumeza.

Hatutaki kumpamba kupita haki yake. Katika Ihya zimo hadithi dhaifu na nyingine zisizo na asili, na wanavyuoni wamelaumu hilo. Ndiyo maana Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 H. (1404), alizitafuta asili za hadithi zake moja moja, na asomaye Ihya na aisome pamoja na kazi hiyo. Tena wako wanaomlaumu kwa jambo zito zaidi: kwamba Baitul-Muqaddas, ambamo alijifungia akiabudu, ilitekwa na Wazungu wa msalaba mwaka 492 H. (1099), wakaua watu wake, na sauti yake haikusikika. Lawama hii haipuuziki. Nayo yatufungulia suala ambalo kila atafutaye utulivu wa moyo lazima aulizwe: je, saada yako ni kufunga dirisha usisikie kilio cha jirani?

Imam mwenyewe alijiuliza suala la namna hiyo, ijapokuwa si katika msiba huo. Mwaka 499 H. (1106) Fakhrul-Mulk, mwana wa Nizamul-Mulk, alimwita Nishapur arudi kusomesha. Alikuwa na udhuru wa kukataa, na faragha yake ilikuwa imemkolea. Lakini alipojipima aliona imani za watu zimedhoofika, na kwamba tabibu akijifungia wakati maradhi yameenea, huenda kinachomfungia ni uvivu, na kupenda raha, na kuilindia nafsi heshima yake isiudhiwe. Akashauriana na watu wenye nyoyo safi, wakamwelekeza atoke. Akatoka, mwezi wa Dhulqaada, mwezi uleule aliotokea Baghdad miaka kumi na moja kabla yake. Ameandika kuwa kwa dhahiri amerudi kule kule, na kwa hakika hakurudi. Kwani zamani alikuwa akieneza elimu ya kupatia jaha, na sasa alilingania elimu ya kuiachia jaha.

Maneno ya mtu juu ya nafsi yake hayatoshi, basi na aitwe shahidi. Abdul-Ghafir Al-Farisi, khatibu wa Nishapur, alimjua kabla na baada. Amesimulia kwamba hapo zamani Ghazali alikuwa mkali, mwenye kuwatazama watu kwa dharau kwa kujiona kwa alivyoruzukiwa vya ulimi na fikra. Abdul-Ghafir alimzuru mara nyingi alipokuwa amerudi, akishuku kuwa upole ule mpya ni vazi la kujionyesha. Akapeleleza na kupeleleza, mwishowe akakiri kwamba jambo ni kinyume cha alivyodhani, na kwamba mtu yule amezinduka kweli.

Hakukaa Nishapur muda mrefu. Alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makazi ya mafakiri, akazigawa saa zake: wakati wa kuhitimu Qurani, wakati wa kukaa na watu wa nyoyo, wakati wa kusomesha. Mwaka 504 H. (1110) kiti cha Nizamiyya ya Baghdad kilikuwa kitupu, akaitwa akikalie tena. Akajibu kwa udhuru: ana wanafunzi Tus, na ana watoto ambao hawezi kuwaburura safarini, na ahadi yake ya Khalil ingali shingoni mwake. Na katika siku zake za mwisho, kama asemavyo Abdul-Ghafir, alizielekea hadithi za Mtume, akakaa na watu wake na kuzisoma Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Lau angeishi, asema, angewapita wote katika fani hiyo kwa muda mchache.

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal-Akhir mwaka 505 H. (1111), nduguye Ahmad alikuwa pamoja naye. Amesimulia kwamba alfajiri Imam alitawadha, akasali, kisha akaitaka sanda yake. Akaipokea, akaibusu, akaiweka machoni, akasema kwamba amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Akanyoosha miguu, akaelekea kibla, akafa kabla jua halijatoka. Hakuacha ila mabinti. Alikuwa nacho, kwa urithi na kwa kuchuma, kiasi cha kuwatosha yeye na watu wa nyumba yake, na mali aliyoletewa zaidi ya hiyo hakuikubali.